Ngozi Isilowe

Anzeni na kola. Ninyi vijana mnaokuja kunipigia hodi mkisema mnataka kazi ya mavazi ya filamu, hilo ndilo la kwanza kujifunza. Shati la mtu halianzi kuchakaa kifuani. Linaanzia kwenye kola, kwenye kiwiko, na pale anapofutia vidole akishakula. Asiyejua analichovya shati zima kwenye maji ya majani ya chai, linatoka na rangi moja kama andazi, kisha anashangaa mbona halionekani kama limevaliwa. Chukua mafuta ya kupikia kwenye ncha ya kidole, pitisha ndani ya kola, nyunyizia vumbi letu jekundu la Karatu, halafu piga pasi ya moto. Vumbi na mafuta vikishashikana hapo, hata mkamwana mwenye bidii atafua mpaka achoke.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuzeesha nguo mpya. Marehemu mume wangu alipenda kuwaambia wageni kwamba nyumbani kwake kuna mke anayelipwa kwa kuharibu mali za watu, na kwamba hiyo kazi wanawake wengine wanaifanya bure. Niliifanya hadi macho yakaanza kukataa uzi mweusi. Lakini sikuacha kwa sababu ya macho. Niliacha kwa sababu ya filamu moja, na kwa sababu ya Daniel, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye maisha yake yameharibika na mimi siwezi kuyazeesha wala kuyafanya mapya. Nitafika huko. Nikijisahau nikaanza habari za vifungo, mnirudishe.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na cherehani barazani kwa duka la vitenge, Karatu mjini. Alikuwa anashona sare za wahudumu wa lodji. Aliniita binti hata nilipokuwa na wajukuu. Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa kushona, ilikuwa kufumua. Nilifumua makoti ya mitumba siku nzima, mpaka nikajua kila nguo imefungwaje kwa ndani. Watu wa filamu walipokuja kwa mara ya kwanza kutafuta fundi wa kuwashonea kaki za kizamani, yeye hakutaka hata kusimama. Alisema hawezi kwenda porini na watu wanaogombana na jua, akanisukuma mbele. Ndivyo nilivyoingia kwenye filamu, kwa kusukumwa.

Kosa langu kubwa la mwanzo bado linanichekesha. Tulikuwa na dada mmoja anaigiza mke wa mmisionari wa zamani, nimemshonea gauni refu lenye kola ya kukaba. Nimelizeesha vizuri, nimelikwaruza na msasa kwenye mapaja, nimelichafua pindo kwa udongo. Kamera ikaanza, mama mmisionari akatoka mlangoni, akaongea, akageuka kurudi ndani, na mgongoni zipu ya plastiki inang'aa juani. Nilipomsimulia Mzee Shabani alicheka mpaka akavua kofia kujipepea. Tangu siku hiyo sikumwacha mwigizaji yeyote aende mbele ya kamera kabla sijamzunguka. Mzungukeni mtu. Mbele kila mmoja anapaona.

Basi ikaja filamu yenyewe. Ilikuwa hadithi ya kutunga, imeunganishwa kutoka masimulizi ya huku milimani ya enzi za Wajerumani. Kulikuwa na mtawala mzee aliyekataa kuwapa Wajerumani watu wa kuwabebea mizigo. Wakamtafuta wasimwone, kwa sababu nyumba za wakati ule zilichimbwa ndani ya mlima na kuezekwa udongo na majani, ng'ombe anaweza kupita juu ya paa lako asijue. Mwisho mpwa wake mwenyewe, aliyeahidiwa utawala na koti jipya, akawaonyesha njia. Mzee akaitwa kwenye mazungumzo ya amani, akaenda mikono mitupu, wakamfunga kamba.

Tulipigia picha juu ya kijiji chetu, pale mashamba yanapogusana na msitu wa Ngorongoro. Mwongozaji, ambaye sote tulimwita Dairekta, alikuwa kijana wa Dar, mpole, mwenye haraka zake. Ng'ombe walipandishwa kutoka Olbalbal pamoja na wachungaji wa Kimasai wa Endulen, wa kuigiza majirani wa mtawala. Hapo tukagombana kuhusu shuka. Mimi nilikuwa nimewatayarishia ngozi. Dairekta akataka mashuka mekundu.

Mmoja wao, Lemayan, akanishika mkono, akaniita mama kwa Kimasai. "Yeyo, babu yangu alivaa ngozi. Hili shuka nimelinunua mnadani juzi."

Dairekta akasema, "Bila nyekundu, mtazamaji atauliza Wamasai wako wapi."

Lemayan akalitazama shuka lake, akalitazama tena. "Basi sawa. Tutakuwa Wamasai wa mnadani."

Nililala na hasira, lakini asubuhi niliwafungia mashuka. Kwenye kazi hii mtashindwa mara nyingi, na ukishashindwa unashika pini unaendelea.

Vazi ambalo sikushindwa ni la mtawala. Lilikuwa vazi la ngozi za mbuzi, nilizikwangua mwenyewe, nikazipaka samli, nikazifinyanga kwa mikono na miguu hadi zikalainika kama kitenge kilichofuliwa sana. Ngozi ya namna hiyo ina adui mmoja, maji. Ikilowa halafu ikakauka, inakakamaa kama ubao, na kesho yake mwigizaji anasimama ndani yake kama yuko ndani ya kabati. Kwa hiyo nilikuwa na sheria moja na kila mtu aliijua, ngozi isilowe. Adui wa pili sikumtegemea. Ile samli iliwafanya mbwa wote wa kijiji wampende mtawala wetu. Walimfuata akitembea kwa heshima zake zote, na siku moja mmoja akalivuta vazi kutoka kwenye kamba akakimbia nalo. Lile tundu kwenye pindo ambalo watu wanadhani ni la vita, ni la mbwa wa jirani yangu.

Aliyelivaa ni Mzee Tluway. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa mzee wa kwetu hasa, yule anayeitwa watu wakigombea mpaka wa shamba, anayetangulizwa kusema watu wakikaa kuombea mvua. Watoto walimpenda kwa sababu alikuwa na pipi, na wakubwa walimwogopa kwa sababu ya mdomo wake, maana akisema neno juu ya mtu lilikuwa halipotei. Yeye mwenyewe alikuwa mcheshi. Nikimfunga vazi aliniambia, "Mama Resti, kaza vizuri, Mjerumani asinione kitovu."

Na Daniel ndiye aliyeigiza mpwa msaliti. Hakuomba. Alikuja kubeba miti ya kujengea ile nyumba ya mtawala, na Dairekta akamwona. Alisema msaliti lazima awe na uso wa mtu ambaye ungemwachia mtoto wako mchanga. Ni kweli, Daniel anao uso huo. Alikuwa mkulima wa maharage na viazi, ana mke wake Paskalina na mtoto mdogo. Alipoambiwa habari ya usaliti alicheka.

"Mama mdogo, mimi hata kuku namwomba jirani anichinjie."

Nilimshonea koti la kaki. Nguo zote za filamu ile nilizizeesha isipokuwa hilo. Lilikuwa malipo ya usaliti wake, kwa hiyo nililiacha jipya kabisa, linang'aa kati ya ngozi na vumbi, ili jicho la mtazamaji lisipate pengine pa kwenda. Nililionea fahari koti lile.

Siku ya kumfunga mtawala, mawingu yalikuwa yamekaa upande wa kreta ya Ngorongoro tangu asubuhi. Askari wangu wa kaki walisimama na bunduki za mbao. Mzee Tluway alikuwa mlangoni pa nyumba, mikono ina kamba, Daniel mbele yake. Kwenye karatasi za filamu palikuwa na maneno machache ya Kiswahili, mtawala amlaani mpwa wake. Dairekta akayafuta. Akamwambia, "Mzee, sema kwa lugha yako. Sema kama ungemwambia mtu kweli."

Mzee akaniita nimkaze vazi, ingawa lilikuwa limekaza.

"Mama Resti, maneno haya hayatolewi yakaachwa. Nikiyasema nitayarudisha hapohapo, kabla huyu kijana hajanipa kisogo. Waambie wanipe nafasi."

Nilimwambia msaidizi wa Dairekta kwamba mzee akimaliza ataongeza kidogo. Akasema hakuna shida, mama.

Basi akasema. Siyarudii hapa, na msiniombe. Ninyi mliosoma mtasema ni kuigiza tu, na mimi nilijiambia hivyo. Bunduki zilikuwa za mbao, damu ilikuwa rangi na sukari ya kuyeyusha, na kule kreta kulikuwa na lodji za kisasa zenye maji ya moto. Lakini maneno hayakuwa ya mbao. Yalikuwa yaleyale ambayo babu zake waliyatumia, yamepangwa kama yanavyopangwa. Na alipofika mahali pa kumtaja mlaaniwa, hakulitaja jina la yule mpwa wa kwenye filamu. Alimtaja Daniel, mwana wa Bayo, na ukoo wake. Wale wa Endulen hawajui Kiiraqw, lugha yetu, lakini niliwaona wameinamisha vichwa.

Dairekta akasema kata. Watu wakapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Na hapohapo mvua ikashuka kutoka msituni, ile ya matone makubwa. Kila mtu akakimbia, wa kamera wakafunika kamera, wachungaji wakakimbilia ng'ombe. Mimi nilikimbilia vazi, nikipiga kelele kama kazi inavyotaka. Mzee Tluway hakukimbia. Alikuwa amemshika Daniel kifundo cha mkono. Aliomba kibuyu, akachukua maji mdomoni, akampulizia kifuani, juu ya lile koti jipya. Nikiwa nyuma yake navuta ngozi mabegani mwake, nilimsikia akisema, taratibu, kwamba alichokifunga amekifungua, alichokituma amekirudisha, na Daniel aende, azae, alime. Daniel akaitikia. Alama ya maji ilionekana kwenye koti, halafu mvua ikalilowesha lote.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini alitaja jina la kweli. Alinishangaa.

"Neno lisilo na jina linazurura. Pale walisimama watoto wa watu wengi. Nilimpa jina ili nijue pa kwenda kulichukua."

Akala ugali wake, akalala.

Wanangu, mambo mengi kwenye kazi yetu yamebadilika. Zamani kukumbuka mwigizaji alifunga vifungo vingapi jana, tuliandika na kuchora. Sasa mnapiga picha kwa simu na kumaliza. Lakini simu zenu hazijabadilisha hili, kwamba kinachotokea baada ya kata hakipo. Kamera imefungwa. Kilibaki kwa waliokuwepo, na pale tulikuwepo mzee, Daniel na mimi.

Mzee Tluway aliugua kifua na kufa kabla filamu haijatoka. Tulimzika kwa heshima zote, Daniel akiwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na hakuna aliyemtazama vibaya. Nawaambia hili ili mjue kwamba kabla ya filamu hapakuwa na chochote.

Watu wa filamu walitimiza ahadi, wakaileta tuitazame wenyewe. Waliionyesha mchana kwenye ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Walicheka wakiona jirani zao wamevaa kaki, walimcheka mbwa aliyepita nyuma ya Mjerumani. Kisha Mzee Tluway akasimama mlangoni na kamba zake, mkubwa kwenye ule ukuta. Alisema yote. Chini yake, kwa maandishi meupe, lilipita jina la mhusika. Masikioni mwetu lilikuja jina la Daniel, mwana wa Bayo. Marehemu anamlaani mtu aliye hai, aliyekaa benchi la tatu na mkewe. Mama mmoja akamchukua mtoto wake akatoka. Halafu filamu ikaenda kwenye picha ya milima na muziki, na ikaisha.

Sitasema kwamba watu wa kwetu ni wabaya. Hakuna aliyemtukana. Walianza tu kumsalimia kwa mbali. Siku za kulima kwa zamu, shamba kwa shamba, wakasahau kumwita, na zamu yake ilipofika aliandaa chakula kikalala. Msimu ule mvua iligoma bonde zima, maharage yalikauka kwa kila mtu, lakini la Daniel ndilo shamba lililotazamwa. Paskalina mimba ikatoka. Wanawake wengine watatu kijijini zilitoka mwaka uleule, mimi nawajua, ila yao ilikuwa bahati mbaya. Watoto wakakikata kile kipande cha filamu wakarushiana kwenye simu, kipande kifupi tu, mwanzo wa laana hadi mwisho wa laana. Ukipita njiani unamsikia marehemu Tluway kwenye mfuko wa mtu.

Nilienda kwa wazee. Niliomba nafasi, nikasimama, nikawaeleza kila kitu, kibuyu, maji, maneno. Aliyeongoza kikao, Mzee Hhando, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Ana adabu sana.

"Mama Resti, sisi tulimwona Tluway kwa macho yetu na tulimsikia kwa masikio yetu."

"Mlimwona kwenye filamu, baba. Mimi nilikuwa namvua nguo."

"Na anayesema alirudisha maneno ni nani?"

"Mimi."

"Na Daniel ni nani kwako?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. "Ningekuwa mimi, ningesema hivyohivyo kwa mtoto wa dada yangu. Hatukukasirikii. Lakini mdomo uliotoa ndio unaorudisha. Mdomo haupo, basi asimame mtoto wake mkubwa, aseme kwa niaba ya baba yake. Nendeni kwa Gabrieli. Akisema, sisi tutakula na Daniel siku hiyohiyo."

Gabrieli ni mtoto wa kwanza wa Mzee Tluway, katekista. Tulienda mimi na Daniel, tukabeba sukari. Tulikaa sebuleni kwake chini ya picha ya harusi ya baba yake. Nilieleza.

"Mama, nikisema naondoa laana ya baba, nimekubali kwamba baba alilaani mtu. Baba alikufa na sakramenti zote. Nimzike tena kama mchawi?"

"Aliirudisha mwenyewe," nikasema. "Wewe utarudia tu alichosema."

"Ukisema alirudisha, umesema alituma."

Daniel akasema, "Kaka Gabrieli, mimi sina la kumsema mzee. Mimi nataka watu waje shambani kwangu."

"Hakuna laana, Daniel. Amini hivyo, utakuwa huru."

"Naamini. Wao je?"

Gabrieli alitushika mikono yote miwili, akatuombea sala nzuri, akatusindikiza hadi barabarani. Padri naye alituambia yaleyale, laana hakuna, tusiogope. Kwa hiyo Daniel alibaki kati ya wanaosema laana ipo na haina wa kuiondoa, na wanaosema haipo kwa hiyo hakuna cha kuondoa. Wote walikuwa wema kwake. Mimi nimezeeka sijaona wema unaomaliza mtu namna ile.

Nikabaki na njia moja. Nilimpigia Dairekta. Nilitegemea atacheka, hakucheka. Niliposema lile jina lililotajwa ni la Daniel mwenyewe, aliniomba nilirudie. Akasema hakujua, aliyemtafsiria aliandika tu jina la kwenye filamu. Akaahidi kutafuta, pengine kamera ilichelewa kuzimwa. Baada ya siku kadhaa alinipigia. Kamera ilizimwa palepale, picha hakuna. Lakini yule kijana wa sauti, kwa kukimbia mvua, aliacha kinasa sauti kikiendelea kabla hajakumbuka kukizima. Sauti ipo, akasema. Hajui lugha, hajui kilichomo, ila anamsikia mzee kwa mbali. Ataituma.

Wanangu, furaha ya siku ile sijawahi kuipata hata nilipojifungua. Nilituma mtu amwite Daniel shambani. Nilimwita Mzee Hhando na wazee wenzake, na Gabrieli alikuja, akasimama mlangoni. Nilipika chai. Mjukuu wangu aliunganisha simu na redio ya kuchaji ili kila mtu asikie. Mzee Hhando alivua kofia.

Ilianza na laana, na wote wakainamisha macho. Kisha kata. Kisha makofi. Kisha mvua, inapiga turubai, watu wanaitana, ng'ombe wanalia. Na chini ya hayo yote, sauti ya mzee, tulimsikia kabisa kwamba anaongea, taratibu, anapanda na kushuka. Mzee Hhando akasogeza sikio. Na hapohapo juu yake ikaja sauti ya mwanamke, kali, karibu kabisa na kinasa sauti, inafunika kila kitu. "Ngozi! Vueni ngozi, ngozi isilowe! Mzee, inua mkono! Ngozi isilowe!"

Inarudia hivyo mpaka mwisho. Halafu kinasa sauti kinazimwa.

Tuliirudia. Mjukuu wangu alipunguza hiki akaongeza kile. Dairekta naye baadaye aliwapa mafundi wake Dar, wakashindwa. Sauti zimelala juu ya nyingine, walisema, na ile ya juu ina nguvu. Mzee Hhando alikunywa chai yake akaimaliza, ili asinivunjie heshima. Alipoinuka alinigusa bega. "Ulikuwa kazini, mama," akasema.

Daniel hayupo tena hapa. Ameenda Endulen, Lemayan alimtafutia mahali pa kusaidia kwenye duka la mtu. Mkulima yule, kwenye nchi ya hifadhi ambayo jembe haliruhusiwi kugusa ardhi. Paskalina amerudi kwao na mtoto. Shamba limeota magugu na hakuna anayetaka kulikodi. Alinieleza kwamba hata kule kile kipande kimefika. Vijana wa kule hawaelewi neno hata moja, ila wameipenda sauti ya mzee, wengine wameiweka iwe mlio wa simu. Anapima sukari dukani, simu ya mteja inalia, na Mzee Tluway anamtaja kwa jina.

Nilipomtembelea mara ya mwisho aliniomba tusikilize tena ile sauti yetu. Anayo kwenye simu yake. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akaniinulia kidole. "Hapa, mama mdogo. Hapa anasema niende, nizae, nilime. Umesikia?"

Nilimwambia nimesikia. Nimeisikiliza mara nyingi sana tangu siku ile, nyumbani, peke yangu, masikio yangu bado mazima hata kama macho yamekwisha. Namsikia mwanamke anaokoa ngozi.